Laxton, kijiji cha Uingereza: bado wanalima kwa ngwe, na anayekula mpaka anatozwa faini baa

Bwana Konde

Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa ugomvi wa mipaka niliahidi kuleta habari za Laxton, kisha nikapotea. Leo sina zamu, kaeni mkao wa kula.

Nipo Nottingham mwaka wa tisa sasa. Laxton ipo kama kilomita 30 kaskazini-mashariki ya hapa na wakazi wake hawafiki mia tatu. Ukipita na gari lako unaona kanisa, baa moja, nyumba za matofali mekundu, umeshatoka. Mimi nilifika kwa sababu ya kazi. Namhudumia mzee mmoja aliyekulia vijiji vya upande ule, na mwishoni mwa Novemba akaniomba nimpeleke akaone "siku ya ukaguzi". Nikajua ni ukaguzi wa nyumba. Kufika, nakuta watu wazima wamevaa viatu vya mpira, wamekaa juu ya tela linalovutwa na trekta, wana vigingi na nyundo, wanaelekea shambani kwenye baridi ile ya kukata masikio.

Mzee akaniambia: hilo ndilo baraza. Wanakwenda kuangalia nani kala njia.

Sasa niwaelezee polepole, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa. Kijiji kina mashamba makubwa matatu yasiyo na uzio ndani yake: Shamba la Kusini, Shamba la Magharibi na Shamba la Kinu. Jumla yake ni kama ekari 480. Kila shamba limekatwa ngwe ndefu ndefu, na kila mkulima ana ngwe zake zimetawanyika kwenye yote matatu. Huyu ana moja huku, jirani yake ana inayofuata, halafu wanakutana tena kule ng'ambo. Hakuna ukuta wala michongoma kati yao. Mpaka ni mfuo tu.

Kila mwaka shamba moja linapandwa ngano ya kabla ya baridi, la pili linapandwa mazao ya baada ya baridi, na la tatu linapumzika. Mwaka unaofuata wanazungusha. Zamani lile la tatu lililazwa tupu na mifugo ikaingizwa, siku hizi wanaotesha majani ya mifugo. Huwezi kusema wewe mwaka huu unataka ngano kwenye shamba lililolala. Shamba zima linakwenda pamoja.

Ukaguzi unafanywa kwenye lile lililotoka kupandwa ngano. Wajumbe wanatembea kwa miguu, wanapima upana wa njia za mashambani na yale majani ya kwenye mabonde ya maji yasiyoruhusiwa kulimwa. Trekta ikizidisha mfuo mmoja tu, wanapigilia kigingi pale mpaka ulipopaswa kuwa na jina linaandikwa. Wiki moja baadaye baraza lenyewe linakaa, na linakaa baa. Inaitwa Dovecote Inn. Mwenye kosa anatajwa, anatozwa pauni chache, na wajumbe wapya wanaapishwa kwa mwaka ujao.

Faini ni ndogo, haimfilisi mtu. Lakini inasomwa mbele ya majirani wote, na hao ndio utakaokunywa nao jioni hiyo hiyo.

Naendelea, nipeni dakika.

MpigaJembe

Siti ya mbele kabisa. Kikao cha ardhi baa! Kwetu kikao cha ardhi kinaishia polisi.

Bwana Konde

Historia sasa.

Kijiji kimeandikwa kwenye kile kitabu cha hesabu ya mali alichoagiza mfalme William mwaka 1086, miaka ishirini tu baada ya Wanormani kuiteka Uingereza. Kaskazini ya kijiji bado kuna kilima cha udongo walichokijenga kuweka ngome yao. Ngome haipo, kilima kipo, kondoo wanakula juu yake. Waliokaa pale walikuwa na kazi ya kurithishana ya kulinda msitu wa mfalme wa Sherwood, ule ule wa hadithi za Robin Hood. Kanisani wamelala baadhi ya ukoo wa Everingham waliorithi kazi hiyo, sanamu zao juu ya makaburi, na moja imechongwa kwa mti wa mwaloni. Nimeigusa. (Sijui kama inaruhusiwa, hakuna aliyenikemea.)

Kilichoifanya Laxton ijulikane na wasomi ni ramani. Mwaka 1635 mpimaji anayeitwa Mark Pierce alipima kijiji chote, ngwe kwa ngwe, na kando yake likaandikwa daftari la kila kipande na nani anakilima. Ramani imechorwa watu wanalima kwa plau, wanavuna, wanawinda. Ipo Oxford, maktaba ya Bodleian. Aliyeiagiza ni Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa amenunua kijiji miaka michache kabla. Huyu ndiye pia aliyegharimia meli iliyopeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza Barbados, 1627. Kwa hiyo mtu mmoja, mezani pake, ana karatasi za ngwe za wakulima wa Nottinghamshire na karatasi za kisiwa cha Karibi ambako baadaye watu wetu weusi walipelekwa kukata miwa. Mimi hilo lilinikalisha kimya kidogo.

Baadaye kijiji kikaingia mikononi mwa ukoo wa Pierrepont, waliokuja kuitwa malodi wa Manvers, na wakakaa nacho hadi karne ya ishirini.

Kalamu Kavu

Mkuu swali. Kwani hii ya ngwe ilikuwa Laxton peke yake? Na faida yake nini? Mtu ana ekari ishirini, kwa nini asipewe ekari ishirini mahali pamoja akatulia? Hapo unazunguka na trekta siku nzima kama mgambo.

Bwana Konde

Kalamu Kavu, hapana, haikuwa peke yake. Zamani sehemu kubwa ya katikati ya Uingereza ililimwa hivi. Laxton ndiyo iliyobaki na utaratibu wote ukiwa hai, pamoja na baraza. Braunton kule Devon wana shamba kubwa la namna hii pia, ila hawana baraza la kuliendesha kama hawa.

Faida: udongo wa pale ni mfinyanzi mwekundu mzito, ukinyesha unashika kiatu na kukivua. Sehemu nyingine maji yanatuama, nyingine inakauka mapema. Ukigawa kwa kipande kimoja kimoja, mmoja anapata bonde zuri, mwingine anapata tope. Ukigawa kwa ngwe, kila mtu ana kidogo cha kizuri na kidogo cha kibaya, na mvua ikiharibu upande mmoja hujafa njaa.

Halafu kuna maksai. Plau ya udongo ule ilihitaji kundi kubwa la ng'ombe, hadi wanane, na si kila mtu alikuwa nao. Kugeuza kundi kama hilo ni shughuli, kwa hiyo ngwe inakuwa ndefu ili ugeuze mara chache. Kipimo chao cha zamani cha urefu wa mfuo ni kama mita 201. Chukua urefu huo, upana mita 20, hiyo ndiyo ekari, na ilihesabiwa kuwa kazi ya kundi moja la maksai kwa siku moja. Neno letu "ekari" limetoka huko huko. Sasa wale mliolima kwa wazee mnajua ngwe ni nini: bibi anakupimia asubuhi, ukimaliza hiyo unakwenda kucheza. Kipimo cha ardhi ambacho kwa kweli ni kipimo cha siku. Wao na sisi tumefika mahali pamoja bila kuulizana.

Ngwe za zamani hazijanyooka pia. Zina mpindo kama herufi S iliyogeuzwa, kwa sababu mkokotaji alianza kuwapinda ng'ombe kabla ya kufika mwisho ili wapate nafasi ya kugeuka. Ng'ombe walishakufa zamani, mpindo upo kwenye ramani.

Na angalia nyumba. Kwenye vijiji vingi vya Uingereza utaona nyumba ya mkulima ipo peke yake katikati ya shamba lake. Laxton wakulima wote wanakaa kijijini, barabarani, nyumba nyingi zimeelekeza ubavu wake mtaani, nyuma yake ghala na kiwanja. Maana ungejenga wapi? Ardhi yako imesambaa pande zote. Katikati ndiko karibu na kote.

Binti Usambaa

Nimependa hapo pa bibi kukupimia ngwe 😂 bibi yangu alikuwa anazidisha kamba, ukimwambia anakwambia kamba imenyauka.

Mkuu, sasa vijiji vingine vilipotelea wapi?

Bwana Konde

Binti Usambaa, vilizungushiwa uzio. Kuanzia 1604 hadi 1914 Bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kufunga mashamba ya wazi na malisho ya pamoja. Ekari milioni 6.8, zaidi ya moja ya tano ya England. Wapimaji wanakuja, ngwe zote zinafutwa, kila mwenye haki anapewa kipande kimoja mraba na anatakiwa akizungushie ua kwa gharama zake. Mkubwa alipata shamba safi. Mdogo alipata kipande ambacho gharama ya ua na wapimaji ilikuwa inakizidi, akauza. Yule asiye na ardhi aliyekuwa anafuga ng'ombe mmoja kwenye malisho ya wote hakupata kitu, maana ng'ombe wake hakuwa na karatasi.

Zile picha za Uingereza ya kijani yenye michongoma iliyokatwa vizuri, mnazoziona kwenye kalenda, sehemu kubwa ya michongoma ile ni ya wakati huo. Si ya tangu na tangu. Ni uzio.

Laxton ilisalimika kwa nini? Hapa watu wanapenda kusema wanakijiji walipenda mila zao. Sikubaliani. Ardhi ya pale ilikuwa na wakubwa wawili, Lodi Manvers na Lodi Scarbrough, na hawakuelewana namna ya kugawana. Kufunga mashamba kunataka wakubwa wakubaliane. Wakavutana, gharama nazo zikiwaangalia, hadi miaka ya 1870 bei ya nafaka ikaanguka kwa ngano ya kutoka Marekani na hamu ikaisha. Wazee walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Laxton tembo walipigana, nyasi zikapona.

Lakini msidhani imebaki kama ilivyokuwa 1635. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ngwe nyingi ziliunganishwa zikawa chache na pana zaidi, na sehemu nyingine za mashamba zilifungwa kabisa. Ukisimama katikati leo unaona shamba pana la kawaida, mpaka mtu akuonyeshe.

Wa Mlimani

Mimi ni Mkenya, huwa nasoma tu hapa, lakini hii imenitoa. Mashamba ya shosho (bibi) yangu Nyeri yalikuwa hivyo hivyo. Siyo kwa baraza la baa, kwa ukoo. Kipande kimoja juu kwenye mteremko, kingine chini mtoni, kingine ng'ambo ya mgongo mwingine kabisa. Kila kimoja na zao lake. Halafu wazungu wakaja wakasema huo ni upotevu wa wakati, wakaviunganisha.

Mpango wa Swynnerton, 1954. Huyo alikuwa afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni. Vipande vyote vinapimwa, vinajumlishwa, unapewa kimoja na hati. Na mpango wenyewe ulisema wazi kwamba wenye uwezo watapata zaidi na maskini watabaki bila, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida katika ukuaji wa nchi. Hayo hayakufichwa, yaliandikwa.

Na walifanya lini? Katikati ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Watu wamewekwa kizuizini, wengine wamehamishiwa vijiji vya lazima vyenye mitaro na ulinzi, na ndipo kamati zinakaa kuamua mpaka wa nani uko wapi. Mtu anarudi kutoka kizuizini anakuta shamba limeshapimwa, na waliokuwa upande wa serikali ndio waliokuwa kwenye kamati. Hebu fikiria kesi za ardhi zilizozaliwa hapo. Nyingine bado ziko kortini na waliozianzisha walishakufa.

Swali langu kwa Bwana Konde: wakati wanatufanyia sisi hivyo, hao Laxton walikuwa wanafanyiwa nini?

Bwana Konde

Wa Mlimani, umenifanya niache chai.

Nilikuwa sijaziweka pamoja hizo tarehe. Mwaka 1952 mwenye Laxton, Lodi Manvers wa mwisho, aliamua kuuza, na aliyenunua ni Wizara ya Kilimo ya Uingereza. Sababu: ngwe zisipotee, utaratibu uhifadhiwe. Serikali ile ile. Mwaka ule ule wa 1952, Oktoba, ndipo hali ya hatari ilipotangazwa Kenya. Miaka miwili baadaye, Swynnerton.

Kwa hiyo London wizara inatoa pesa ili mkulima wa Nottinghamshire aendelee kuwa na ngwe zake sehemu tatu, na Nairobi idara ya kilimo inatoa pesa ili mkulima wa Nyeri asiwe na vipande sehemu tatu. Huku inaitwa urithi. Kule inaitwa kilimo duni.

Siwezi kusema ni watu wale wale mezani, hizo ni ofisi mbili. Lakini bendera ni moja.

Kalamu Kavu

Na mimi ngoja niwe mbaya kidogo. Kuunganisha si dhambi. Kiambu na Nyeri kahawa na chai ya wakulima wadogo ilistawi baada ya hapo. Na mali ya pamoja ina shida yake, kila mtu anachunga hakuna anayepanda. Ndiyo maana Uingereza yenyewe ilifunga.

Bwana Konde

Kalamu Kavu, kahawa hiyo usisahau kwamba kabla ya hapo Mwafrika wa huko alikuwa amebanwa asiilime. Kilichostawisha ni ruhusa au ni uzio? Vyote viwili vilikuja kifurushi kimoja, kuvitenganisha si rahisi.

Ila hoja ya pili ndiyo ninayotaka kuishika, kwa sababu hata mimi nilianza na wazo hilo. Laxton si mali ya pamoja. Ngwe ni ya mtu mmoja, anailima yeye, ngano ni yake, hasara ni yake. Cha pamoja ni ratiba, njia na mpaka. Na vile vipande vya majani vya mabondeni: kila kiangazi haki ya kuvikata inapigwa mnada na pesa zinagawiwa kwa wenye haki. Kuna mwanazuoni Mmarekani, Garrett Hardin, aliandika mwaka 1968 kwamba malisho ya wote lazima yaishe kwa sababu kila mchungaji ataongeza ng'ombe. Elinor Ostrom akaja na mifano ya watu wanaotunza vitu vya pamoja kwa sheria zao wenyewe, akapewa Nobel ya uchumi 2009. Ukiangalia wale watu na vigingi vyao huhitaji kusoma vitabu vyote viwili. Hardin alichora malisho yasiyo na baraza.

Na baraza lao si maigizo ya watalii. Sheria ya mwaka 1977 ilizimaliza nguvu mahakama nyingi za kikabaila za namna hii, la Laxton likaachiwa kazi yake.

MpigaJembe

Wizara bado ndiyo mwenye nyumba?

Bwana Konde

Hapana. 1981 ilikabidhi kwa Crown Estate, chombo kinachosimamia ardhi za taji. Hao nao miaka ya karibuni wakasema wanauza, wakulima wakashika roho, maana wao ni wapangaji. Mwaka 2020 ikanunuliwa na Thoresby Estate, yaani mali ya kizazi cha hao hao wa Manvers. Imezunguka imerudi nyumbani.

Wakulima waliobaki ni kumi na kitu. Huo ndio wasiwasi wa mzee wangu, hasemi habari za malodi. Anasema ukiwa na trekta la upana ule, ngwe inakuwa usumbufu, na kijana anayekubali usumbufu kwa ajili ya historia ni wa kutafuta kwa tochi. Siku ile alihesabu waliokuwa kwenye tela, halafu akahesabu wenye mvi.

Kwa watakaofika: pembeni ya baa kuna chumba kidogo cha maelezo, na nje kidogo ya kijiji kuna makumbusho ya kitaifa ya mauaji ya Wayahudi, yalifunguliwa 1995. Sikuingia, mzee alikuwa amechoka.

Binti Usambaa

Faini ya siku ile ilikuwa ya nani mkuu, usitufiche 😂

Bwana Konde

Baraza lilikaa wiki iliyofuata, nilikuwa kazini. Ila shambani niliona vigingi viwili vikipigiliwa, na jamaa mmoja alianza kueleza habari za usukani wa trekta lake kabla hajaulizwa.

Wa Mlimani

Nimetoka kumpigia shosho. Nimemuuliza vile vipande vyao vilikuwa vingapi kabla ya kuunganishwa. Nilidhani vitatu. Vilikuwa vitano, na bado anavitaja kwa majina, kimoja kimoja. Cha mtoni ndicho kilichokuwa na nduma (magimbi). Anasema kilikwenda kwa mtu wa kamati, na nduma zake zilikuwa bado hazijachimbwa.

Ameniuliza hao wazungu wa baa wanapanda nini. Nimemwambia ngano. Akaniuliza, na mtoni je?

Bwana Konde

Mwambie mtoni hawalimi. Majani tu, na anayelima anapigiliwa kigingi.